Jinsi nilivyolalamikia ndege moja ya kivita mara tatu

Nianze na ushauri mbovu, maana ndio ulionitumbukiza shimoni. Kabla sijaingia kwenye mafunzo ya diplomasia, jamaa mmoja aliyepita hapo kabla yangu aliniambia kuhusu zoezi la mwisho, la kuandika noti, yaani barua rasmi ya wizara kwa ubalozi: "Noti ya kulalamika ni ukali tu. Wachape maneno mpaka wajute." Nikamwamini, kwa sababu maneno makali ninayo mengi na yalikuwa yananiwasha.

Zoezi lenyewe ni hili. Nchi mbili za kubuni, Kaskazini na Kusini, zinapakana baharini. Ndege ya kivita ya Kaskazini imeingia anga la Kusini bila ruhusa, ikazunguka, ikatoka. Sisi watano ni Wizara ya Mambo ya Nje ya Kusini. Wenzetu watano, chumba cha pili, ni ubalozi wa Kaskazini. Tulipewa faili la kurasa 14 na siku mbili. Mkufunzi wetu alikuwa balozi mstaafu, mzee wa sauti ya chini asiyewahi kumkatiza mtu. Ukimwona hivyo unadhani umepona.

Rasimu yangu ya kwanza ilianza: "Serikali ya Kusini imeghadhabishwa na uhayawani wa Kaskazini..." Balozi alisoma mstari huo mmoja, akavua miwani.

"Kijana, salamu ziko wapi?"

Nikadhani anatania. Kumbe noti ya kidiplomasia, hata kama unamwambia mtu kwamba ameruka ukuta wako usiku, huanza kwa wizara kutoa salamu zake kwa ubalozi na kusema ina heshima ya kuujulisha jambo fulani. Humo ndani hakuna "mimi" wala "sisi", ni Wizara hivi, Wizara vile. Mwishoni huja zile heshima za juu kabisa, ingawa wapo wanaozikata kwa makusudi mambo yakichacha, na mpokeaji anaelewa bila kuambiwa. Jina la mtu halisainiwi, ni muhuri na herufi mbili tatu za kalamu. Uhayawani wangu ukafutwa. Uliniuma, lakini si kama yaliyofuata.

Upande wa sheria ulitunyookea mapema kwa sababu kulikuwa na dada mmoja aliyesomea sheria. Mwenzetu mwingine alikuwa anashikilia kwamba ndege ilikuwa na haki ya kupita kwa amani, kama meli. Dada akamfungulia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982: meli ndiyo yenye haki hiyo kwenye bahari ya nchi, ile inayofika hadi maili 12 kutoka pwani, ndege haina. Halafu akaweka mezani Mkataba wa Chicago wa 1944. Ibara ya 1 inasema kila nchi ina mamlaka kamili, yake peke yake, juu ya anga lililo juu ya ardhi yake na bahari yake. Ibara ya 3 inasema mkataba wote ni wa ndege za kiraia, ila hapohapo inazipiga marufuku ndege za serikali, zikiwemo za jeshi, kuruka juu ya nchi nyingine bila ruhusa. Ukitaja ibara hizo mbili umemaliza. Ukianza kurundika mikataba kumi, msomaji anajua huna kitu.

Sasa nije kwenye aibu.

Ndani ya faili mlikuwa na taarifa tatu. Ya kwanza ni ya askari wa doria ya pwani, ameandika kwa mkono: ndege imeonekana saa 4:07. Ya pili ni ya rada: 07:07. Ya tatu ni ya kituo cha polisi cha kisiwani, waliosikia mngurumo: 10:07. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga matukio. Nikachukua rula, nikachora jedwali zuri kabisa, nikaandika kwa kujiamini kwamba ndege ya Kaskazini ilikiuka anga la Kusini mara tatu katika siku moja, saa 04:07, saa 07:07 na saa 10:07, "jambo linaloashiria mpango wa makusudi". Hiyo "jambo linaloashiria" niliipenda sana. Niliisoma kwa sauti mara mbili, wenzangu wakapiga meza.

Watu watano, wote tumezaliwa ndani ya Kiswahili, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini dakika ni saba kila mara.

Noti ikapelekwa chumba cha pili. Majibu yalirudi baada ya nusu saa, yamechapwa vizuri, na salamu zote mahali pake. Nayakumbuka karibu neno kwa neno: Ubalozi wa Kaskazini ulikuwa na heshima ya kuijulisha Wizara kwamba jeshi lake halina ndege ya ratiba inayopita kila baada ya saa tatu, dakika saba kamili, na kama Wizara inayo ratiba hiyo, Ubalozi ungeshukuru kupatiwa nakala pamoja na nauli zake.

Balozi alikuwa amekaa kwenye kona. Hakucheka. Aliuliza tu, "Yule askari wa doria, saa yake ni ya Kiswahili au ya kizungu?"

Jasho lilinitoka palepale. Saa nne na dakika saba asubuhi ya askari ndiyo 10:07 ya polisi. Na rada, kama ilivyo kawaida ya mambo ya anga, ilikuwa inaandika saa za kimataifa, zile za UTC, na faili lilisema wazi, ukurasa wa 2, kwamba Kusini iko saa tatu mbele. Saba na tatu, kumi. Ilikuwa ndege moja, ikaingia mara moja, na watu watatu wakaiona dakika ileile. Hizo safari mbili za ziada nilizirusha mimi.

Na hatukuwa tumemaliza kuumbuka. Aya ya pili ya jibu iliuliza tumepata wapi madai ya kwamba ndege iliingia "maili 60 ndani". Tuliipima kwenye ramani ya ukurasa wa 5, kutoka mstari wa nukta ulioko mbali baharini. Mstari ule si mpaka. Ni ukingo wa eneo ambalo waongozaji wetu wa ndege wamekabidhiwa kulihudumia, na maeneo hayo huenda mbali sana juu ya bahari kuu ambako kila nchi inaruka itakavyo. Mpaka wa anga unaishia pale bahari yako inapoishia, hadi maili 12 za baharini kutoka mstari wa pwani, kama kilomita 22. Tulipopima upya, ndege iliingia maili 3, si 60. Kwa hiyo noti yangu ya kwanza ilikuwa imezidisha tukio kwa tatu na kina kwa ishirini. Jina la Dakika Saba lilinikaa tangu siku hiyo.

Usiku ule sikulala. Nilimaliza bando la intaneti na karatasi sijui ngapi, nikisoma nchi halisi hulalamika vipi. Kilichonifungua macho ni barua ambayo Uturuki iliipeleka kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa baada ya kuidungua Su-24, ndege ya kivita ya Urusi, tarehe 24 Novemba 2015. Haina hata neno moja la hasira ndani yake. Inasema ndege mbili zilionywa mara 10 ndani ya dakika 5, zikiwa futi 19,000, zikaingia kina cha maili 1.36 na urefu wa maili 1.15, kwa sekunde 17, kuanzia 9:24 na sekunde 5, saa za huko. Nilipoona hayo maneno "saa za huko" nilitaka kulia. Waturuki waliandika!

Lakini nikafanya na kitu kingine ambacho bado najipongeza. Nikapiga hesabu: maili 1.15 kwa sekunde 17 ni kama maili 243 kwa saa, mwendo wa pole mno kwa ndege ya aina ile. Urusi yenyewe ilikana kabisa kwamba ndege iliingia. Nikaona namba ukiiandika inaweza kugeuka ikakung'ata, basi kabla ya kuituma igeuze wewe mwenyewe. Nikaenda kwenye yetu: dakika 4 ndani ya anga, njia ya maili 28, maana yake maili 420 kwa saa. Rada ilisema 420. Nikapumua.

Jambo la pili nililoliona usiku ule ni kwamba anayelaumiwa huwa na majibu mawili tu: "tulipotea" au "hatukuingia". Mfano wa karibu ni Kongo na Rwanda. Tarehe 7 Novemba 2022, Su-25, ndege ya kivita ya Kongo, iligusa uwanja wa ndege wa Rubavu kisha ikaondoka. Rwanda ikalalamika, na Kinshasa haikubisha: ilikuwa kwenye upelelezi, haina silaha, imeingia kwa bahati mbaya. Tarehe 24 Januari 2023, Rwanda ikaifyatulia Su-25 nyingine karibu na Goma, ikisema imeingia kwake. Safari hii jibu la Kinshasa likawa jingine: haikuvuka, na kufyatuliwa kwake ni kitendo cha vita. Noti nzuri, nikajiambia, ni ile ambayo jibu lolote kati ya hayo mawili litamgharimu mwenzako.

Hapo ndipo ulipokuja ujanja wangu, na naomba mnivumilie maana nitausimulia taratibu.

Asubuhi ya siku ya pili, kabla hatujapeleka noti mpya, nilimwomba mwenzetu aliyekuwa afisa wa jeshi upande wetu akapite chumba cha pili, bila karatasi, bila ukali, amuulize mwambata wao wa kijeshi, yaani afisa wa jeshi aliyeko ubalozini, swali moja la ujirani mwema: je, siku ile kulikuwa na ndege yao yoyote iliyopata hitilafu au kupotea njia karibu na pwani yetu? Tusije tukawa tulishindwa kusaidia. Wenzetu, wakiwa bado wanacheka na ratiba ya basi, wakaona tumekuja kutafuta mlango wa kutokea. Wakajibu kwa maandishi, tena kwa majigambo: ndege zote za Kaskazini zilikamilisha safari zake kama zilivyopangwa, hakuna iliyopata hitilafu, marubani wake ni hodari.

Nilikishika kile kikaratasi kama hati ya shamba.

Saa mbili baadaye tukamwita kaimu balozi wao. Hatukumkaribisha kiti mpaka noti isomwe, hilo lilikuwa wazo la dada wa sheria. Noti ilikuwa ukurasa mmoja. Tarehe, 07:07 hadi 07:11 UTC, na pembeni 10:07 hadi 10:11 saa za Kusini. Kina maili 3, mwinuko, mwendo. Kisha yale mambo ambayo Estonia ilitaja Septemba 2025 ilipomwita kaimu balozi wa Urusi kuhusu ndege tatu za kivita aina ya MiG-31 zilizokaa dakika 12 kwenye anga lake: hakuna mpango wa safari uliowasilishwa, transponda, vile vifaa vya kujitambulisha kwa rada, zimezimwa, hakuna mawasiliano ya redio na waongozaji. Yetu ilikuwa hivyohivyo, na tumeiita mara tatu kwenye masafa ya dharura ya redio, megahezi 121.5, bila jibu. Halafu mstari niliouandika mwenyewe: "Wizara imezingatia uthibitisho wa Ubalozi kwamba safari zote za siku hiyo zilikamilika kama zilivyopangwa."

Kaimu balozi aliusoma, akarudi juu, akausoma tena. "Tulipotea" ilikuwa imekufa. Akajaribu "hatukuingia". Tukamtolea ukurasa wa 11: rubani wa ndege ya abiria ya nchi ya tatu aliiona kwa macho, akaripoti mahali na dakika. Ukurasa huo ulikuwa kwenye faili tangu mwanzo. Siku ya kwanza hatukuufikia, tulikuwa tunapiga meza.

Jibu lao la mwisho lilikuwa sentensi mbili. Ubalozi umepokea noti ya Wizara na utaifikisha kwa mamlaka husika. Ndiyo hivyo tu, hakuna samahani. Mtu wa nje ataona tumepata nini hapo? Tumepata karatasi. Ukinyamaza ndege inapopita, ya pili ikipita, ya tatu, mwenzako atakuja kusema mlikuwa mnakubali siku zote. Ugiriki inadai anga la maili 10 tangu 1931 wakati bahari yake upande wa Uturuki ni maili 6, Uturuki inaitambua 6 tu, na hizo maili 4 za katikati zimezaa malalamiko yasiyohesabika. Hakuna anayeacha kuandika, hata kama hayajibiwi.

Balozi alitupa alama nzuri, ila mimi aliniita pembeni. Alisema kile kikaratasi cha mwambata kilikuwa hodari lakini kibaya: nimemfungia jirani mlango wa "tulipotea", na mlango huo mara nyingi ndio unaomwezesha kurudi nyuma bila kuaibika. Tena kesho ndege yetu ikipotea kweli, hakuna atakayekuja kutuuliza kwa wema.

Nikamjibu kwamba kama wangekuwa wapole siku ya kwanza ningewaachia mlango.

"Hiyo ni kwa sababu ya ile nauli," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Akavaa miwani yake, akaichukua noti na kuzungushia kalamu nyekundu neno moja kwenye mstari wa mwisho. Nilikuwa nimeandika "heshima zake za juu kabsa".