Machicha ya nazi niliyokuwa nikiyatupa

Kazi yetu hapa Kisauni ni tui. Mimi na mke wangu tunanunua nazi Kongowea, tunazivunja alfajiri, na kabla ya saa tatu madumu yako njiani kwenda kwenye majiko ya hoteli za Bamburi na Nyali. Wapishi wa huko wanataka tui zito peke yake, la mkamuo wa kwanza. Siku ya kawaida tunavunja nazi 120, na baada ya kukamua hubaki karibu kilo 15 za machicha. Yote tulikuwa tukiyatia kwenye magunia na kumlipa mwenye mkokoteni ayaondoe, safari yake ya mwisho ikiwa jaa la Mwakirunge. Siku mkokoteni usipokuja, ikifika adhuhuri yameshachacha, nzi wamejaa ua mzima na jirani anagonga mlango.

Shangazi yangu wa Majengo alikuja kututembelea siku moja akalikuta gunia mlangoni. Akatia mkono, akachota machicha kiganja tele, akayaminya. Tui likamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mwanangu, wamwaga chakula," akaniambia.

"Shangazi, si machicha hayo?"

Hakunijibu. Aliunyoosha tu ule mkono niuone ulivyong'aa mafuta.

Nikaanza kwa pupa. Ilikuwa Mei, masika yamekolea, nami nikayaanika machicha kwenye majamvi juu ya dari. Siku ya pili yalikuwa bado mabichi. Siku ya tatu kingo zimepiga rangi ya kijani. Mke wangu alitaka tuwape kuku, nikakataa. Mwaka 2004, kule Ukambani, mahindi yenye sumu kuvu yaliua watu 125, na ukungu unaotoa sumu hiyo huipata hata nazi inayokaushwa polepole. Kupika hakuiondoi, na kuku nao huwadhuru. Nilichimba shimo nikayafukia yote.

Hapo nikaelewa kwamba shida yangu ilikuwa maji na mafuta yaliyobaki ndani ya machicha. Maji yanaleta ukungu, mafuta yanachacha na kuharibu ladha. Viwandani mafuta yaliyobaki kwenye mashudu hutolewa kwa heksani, kiyeyushi kinachotokana na petroli. Mimi sikutaka kitu hicho kikaribie chakula cha watu, na kwa bahati nzuri nazi haikihitaji. Mara tu baada ya mkamuo wa kwanza tunayamwagia machicha maji ya uvuguvugu, tunayafikicha kwa mikono, kisha tunayakamua tena. Shangazi alinipa kifumbu chake cha ukili, ila kilikuwa kidogo kwa kilo 15, kwa hiyo tunafunga machicha katika kitambaa cha marikani na kuyabana kwa jeki ya gari ndani ya fremu ya mbao. Tui hilo jepesi tunaliacha ndooni usiku kucha. Asubuhi mafuta yamepanda juu, mazito kama malai, na chini ni maji ya kijivu. Tunaengua, tunapika kwa moto mdogo wa vifuu vya nazi zilezile, na tunapata kama lita moja ya mafuta safi kila siku. Lita hiyo zamani ilikuwa ikienda jaani.

Sasa kukausha. Fundi wa mtaani alinitengenezea sanduku la mbao lililoinuliwa kwa miguu. Upande mmoja wa chini una mabati yaliyopakwa rangi nyeusi na kufunikwa karatasi ya nailoni angavu. Hewa inaingia hapo, inapata moto, inapanda kupitia trei za wavu na kutokea kwenye bomba la juu. Machicha yenyewe hayaoni jua, na hilo ni muhimu kwa sababu mwanga huchachisha mafuta upesi. Ninaweka kipimajoto ndani na sipendi kizidi nyuzi 60, maana zaidi ya hapo yanageuka rangi ya kahawia na kunuka kama yameungua. Karatasi ya kwanza ilipasuka baada ya miezi michache kwa sababu muuzaji alinipa isiyo ya juani, akijua naitakia nini. Nunueni ile ya vitalu vya mboga, ina bei lakini inadumu.

Kanuni yetu kubwa ni hii: machicha yawe ndani ya sanduku kabla ya saa nne asubuhi. Yakichelewa mpaka mchana, siku hiyo hatukaushi. Jua likiwa zuri yanakauka siku hiyohiyo, kilo 15 zinabaki kama 6. Kuhakikisha, ninatia kiganja kimoja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, nafunga, natikisa, naacha robo saa. Chumvi ikishikana au ikiganda kwenye kioo, yanarudi kwenye trei.

Kusaga nako kulinitesa. Mwenye mashine ya mahindi alinifukuza mara mbili kwa sababu mafuta yaliziba chekeche lake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na mchana wa Mombasa hauko chini ya hapo. Nikamwomba aniruhusu nije alfajiri, Julai, kusi ikivuma na baridi ipo. Yalisagika laini kabisa. Wakati wa kaskazi, usiku wenyewe ukiwa na joto, tunayalaza kwanza kwenye friza.

Unga huo una nyuzinyuzi nyingi mno, ila hauna ile protini ya ngano inayovuta donge. Tulipotia nusu kwa nusu kwenye mahamri, hayakuumuka. Sehemu moja ya machicha kwa nne za ngano ndiyo iliyokubali, na donge linataka maji zaidi kwa sababu unga huu unafyonza sana. Kwenye uji wa wimbi ni mtamu bila kuongeza kitu. Hatukuuza hata pakiti moja mpaka sampuli zilipopimwa sumu kuvu maabara.

Maji ya nazi, lita kumi hivi kwa siku, tunayafanya siki: sukari gramu 100 kwa lita kwa kuwa utamu wake mwenyewe hautoshi, hamira kidogo, wiki moja, kisha siki kuukuu ya mnazi ya kuanzishia, na kitambaa juu kwa zaidi ya mwezi. Wapika achari wanaichukua yote.

Masika hatukaushi kabisa. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa mara ya pili anayachukua mfugaji jirani yakiwa mabichi, na kuku wanayamaliza kabla ya adhuhuri. Kilichobaki kunishinda ni yale maji ya kijivu chini ya ndoo. Yana sukari na protini, nayaona yanavyotoa povu, lakini yanaharibika kwa saa chache. Kwa sasa nayamwagia migomba nyuma ya nyumba.