VPN na waifai, mafahali wawili zizi moja
Jana nimekaa mgahawani karibu na mnara wa saa hapa Arusha, nataka niingie seva ya kazini kwa VPN, ile njia iliyofichwa ya kuunganika na mtandao wa kazini ukiwa mbali, kila baada ya dakika kadhaa waifai inakata, ikirudi VPN inaonekana bado iko hewani ila hakuna peji inayofunguka. Nikamlaumu mwenye mgahawa kimoyomoyo, bando limeisha huyu, kumbe wapi! Mashine yangu ni Linux, OpenVPN, programu inayoendesha hiyo VPN, nilikuwa naiwasha kivyake kwenye terminali, dirisha la kuandika amri, sasa NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye mashine, ikishika waifai upya inaandika upya faili la resolv.conf linaloorodhesha seva za DNS, zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, basi anwani za DNS za VPN zinafutika. Nikashusha network-manager-openvpn, kiongezo cha kuifanya NetworkManager iendeshe OpenVPN yenyewe, lile faili la .ovpn lenye mipangilio ya VPN nikaliingiza humohumo, nikaweka tiki ijiwashe pamoja na waifai hiyo. Ikatulia. Chai ilishapoa zamani.