Mbwa wangu anadaiwa kodi ya kichwa

Jumanne iliyopita nimerudi kutoka zamu ya asubuhi, mvua imenilowesha mpaka soksi, nikakuta bahasha ya serikali kwenye sanduku la barua. Mliokaa Ujerumani mnajua, bahasha ya namna ile huifungui ukiwa umesimama. Nikapanda nayo hadi ghorofa ya nne, nikavua viatu, nikakaa. Euro 120 kwa mwaka. Siyo yangu. Ya mbwa.

Narudia kwa ajili ya walioko nyumbani, wasije wakadhani nimekosea kuandika. Hapa Berlin mbwa analipiwa kodi. Ukiongeza wa pili, huyo ni euro 180. Ndani ya bahasha kulikuwa na kisahani chenye namba, cha kumvalisha shingoni akitoka nje ajulikane kuwa deni lake linalipwa. Hesabu ya shilingi fanyeni wenyewe. Mimi niliifanya mara moja nikazima simu. Kwetu hela hiyo unapanga chumba na unakaa miezi, na mbwa wenyewe wanagawiwa bure, ukichelewa kukataa unapewa wawili.

Nilicheka peke yangu kama mwehu, kwa sababu nilimkumbuka baba. Miaka ya tisini, Morogoro, migambo wanapita alfajiri kuwasaka wanaume wasio na stakabadhi ya kodi ya maendeleo, ambayo mtaani kila mtu aliiita kodi ya kichwa. Baba anatokea mlango wa uani, anapotelea kwenye mahindi. Mama anabaki mlangoni na kanga begani anasema amesafiri, tangu juzi. Na kabla ya baba, babu yake alitozwa kodi ya kibanda na hawahawa Wajerumani, waliyoanza kuikusanya kwetu mwaka 1898. Sasa kitukuu amewafuata mpaka kwao, nao wakatafuta wakapata cha kumtoza. Kusema ukweli sijaonewa peke yangu: Prussia, ufalme wao wa zamani, ilianza kuwatoza wenye mbwa tangu 1810, kwa hiyo mbwa wao walionja kodi kabla ya babu zetu.

Anaitwa Kashata, kwa sababu ya rangi. Nimemchukua mwishoni mwa Agosti kwa mfanyakazi mwenzangu ambaye jike lake lilizaa sita. Alinizungusha mpaka watoto wapite wiki nane, maana sheria hairuhusu kuwatenganisha na mama yao kabla ya hapo. Alikuwa na kilo nne. Daktari wa mifugo akaniambia asipande ngazi kwanza, viungo bado vichanga, nimbebe. Nikasema kilo nne ni nini, nimebeba ndoo za maji utoto wangu wote. Jamani, ndoo haikui. Septemba alikuwa kilo saba. Leo ni kilo kumi na tatu na nusu, miguu inaning'inia mpaka magotini kwangu, nyumba haina lifti, na kila safari ya kukojoa ni ngazi themanini na nne kushuka na themanini na nne kupanda. Nimezihesabu usiku wa manane, hakuna kingine cha kufanya.

Vuli ya huku nayo si vuli ya kwetu. Kwetu ukisikia vuli unafikiria mvua ndogo, jembe, mbegu. Hapa ni miti kuvua nguo. Oktoba yote barabara ilikuwa ya manjano, na kwa Kashata kila jani ni adui anayekimbia. Tunatumia dakika ishirini kufika mwisho wa mtaa ambao mimi mwenyewe naumaliza kwa dakika nne. Halafu kuna zile kokwa za kahawia zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, wao wanaziita Kastanien. Watoto wanaziokota kuchezea. Mbwa akimeza inaweza kumziba utumbo. Basi mtanikuta pale kona, nimepiga magoti kwenye majani mabichi na sare ya kazi, kidole kimeingia mdomoni mwa mbwa mpaka nyuma ya magego, nikiomba kwa Kiluguru. Siku moja kidole kilitoka na jino badala ya kokwa. Kajino kadogo kama punje ya mchele, na tone la damu. Nikadhani nimemvunja. Kumbe amepita miezi minne, ndio wakati wa kung'oka meno ya utoto. Nimelihifadhi kwenye kikasha cha hereni, na naomba mama asilisome hili.

Wiki ya mwisho ya Oktoba wakarudisha saa nyuma. Watu kazini walifurahi, wamepata saa moja ya kulala. Kibofu cha Kashata hakikupewa taarifa. Aliyezoea kuniamsha saa kumi na moja akaanza kuniamsha saa kumi, na saa kumi jioni ya siku hiyohiyo jua linaelekea kuzama. Mbwa wote wa mtaa sasa wanavaa mikufu ya taa, kijani, nyekundu, buluu, hivyo gizani huoni mbwa, unaona pete zinazoelea. Tarehe 11 Novemba ndipo watoto wanapotembea na taa za karatasi kwa ajili ya Mtakatifu Martin, na Kashata alipoona taa zile zinakuja zikiimba, alikaa chini katikati ya njia akakataa kusogea. Nikambeba. Kilo kumi na tatu na nusu.

Sasa kuhusu watu. Nimekaa jengo hili miaka mitatu. Salamu ya ngazini ilikuwa neno moja na macho kwenye viatu. Hakuna aliyewahi kuniuliza naitwa nani. Mbwa alikaa wiki mbili, jengo zima likajua jina lake. "Kashata!" wanaita, wanainama, wanaongea naye kwa sauti nyororo ambayo sikujua kama Kijerumani kinayo. Mimi nimeshika kamba kama nguzo. Naona wivu, sitaficha. Hata usajili: Berlin ina daftari la mbwa la jiji zima tangu 2022, nilimwandikisha kwa intaneti huku naandaa uji, haujachemka tumemaliza. Miadi ya kibali changu cha kukaa niliingojea miezi mitano, na nikafika nikaambiwa picha ni ya zamani.

Halafu lile la Jumamosi. Tuko bustanini, mzee mmoja nadhifu, koti zuri, akampapasa Kashata, akaniinulia uso na kuniuliza polepole, kwa sauti kubwa kama mimi ni kiziwi: huyu unamtembezea nani? Yaani mwenye mbwa yuko wapi. Nilihisi masikio yanawaka. Kijerumani changu chote cha miaka sita kikakimbia. Nilichofanya, niliinama, nikakishika kile kisahani shingoni nikakigeuza kikaonekana namba, nikamwambia: kodi nalipa mimi. Hakuomba radhi. Alisema "aha" akaendelea na safari yake. Mimi nilitembea mpaka nyumbani nikijibu majibu mengine kumi yaliyo mazuri zaidi, lakini kwa mara ya kwanza zile euro 120 sikuziona nyingi.

Kwa wanaonitumia ujumbe "dada nifanyie mpango": kazi za kulea wazee zipo, lugha someni huko huko kabla hamjapanda ndege, na mkifika msichukue mbwa mwaka wa kwanza hata upweke ukiwashika koo. Upweke wa Novemba ni wa kweli, lakini mbwa si blanketi. Mwenye nyumba lazima aulizwe. Mahakama yao kuu ya madai iliamua 2013 kwamba mkataba hauwezi tu kupiga mbwa wote marufuku moja kwa moja, lakini usiende na hilo mdomoni, nenda na adabu. Bima ya mbwa hapa Berlin ni lazima, akimwangusha mtu wa baiskeli unalipa wewe. Kamba ni mita moja kwenye ngazi na kwenye treni, mita mbili bustanini. Mfuko wa kuzolea uchafu uwe nao kila wakati. Ndiyo, unazoa kwa mkono wako, kukiwa bado na joto. Mama nilipomweleza hili alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, tulikusomesha."

Na kabla hamjasema Wazungu ni mawe. Septemba, wiki ya mvua mfululizo, nilikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wangu. Mtu aliyeishi kwenye ghorofa za Kijerumani anajua karatasi ya mlangoni ni nini: ni malalamiko. Ngazi zilikuwa na matone ya matope ya miguu ya mbwa kutoka chini hadi juu, nilijua limenikuta. Nikaitoa kwa moyo mzito. Mwandiko wa kizee, umelala upande, ni wa bibi wa ghorofa ya chini. Aliandika kwamba amenitundikia taulo kwenye kitasa cha mlango wake, la kumfutia mdogo miguu, na kwamba asubuhi nikiwa na zamu nisimwache peke yake, yeye huamka saa kumi na moja hata hivyo.

Tangu siku hiyo, asubuhi za zamu Kashata anakaa kwake. Bibi alikuwa na mbwa, alikufa, zaidi ya hapo hasemi na mimi siulizi. Nikirudi nawakuta wote wawili dirishani. Hataki hela. Nimempelekea maandazi ya iliki, akaniuliza kama ni mkate, akala manne amesimama. Kila wiki analifua taulo lile, linarudi kitasani limepigwa pasi. Taulo la mbwa, limepigwa pasi.

Bahasha ya kodi nilimwonyesha Jumatano. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaniambia nimkumbushe tarehe ya mwisho ya kulipa, wasije wakanitoza faini. Kisha akakichukua kile kisahani akakifunga mwenyewe kwenye mkufu, kwa koleo, maana kipete kilikuwa kigumu.

Juzi Kashata ameshuka ngazi zote themanini na nne kwa miguu yake, polepole, makalio yakipishana na kichwa. Daktari ameruhusu kushuka kidogokidogo. Kupanda bado nabeba. Na sasa hivi ni saa nne usiku, inanyesha tena, amekaa mlangoni ananitazama bila kupepesa. Ngoja nivae buti.