Nilivyoulinda mpira wa dialisisi wa mama kwenye vumbi la Dodoma

Mama alikaa miezi kadhaa na mpira wa dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine, figo zikishindwa) kifuani, tukisubiri fistula ya mkono, yaani mishipa miwili iliyounganishwa kwa upasuaji, ikomae, na muda wote huo haukuingia vidudu. Kuna wakati ulitaka kuziba, nitaeleza. Naandika kwa sababu kwenye mabenchi ya kusubiria naulizwa sana na ndugu wa wagonjwa wapya, wengine wametoka Kongwa, Mpwapwa hadi Manyoni kufuata huduma Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kinachoelezeka tukiwa tumesimama pale mlangoni ni kidogo mno.

Mpira wenyewe ni mirija miwili iliyounganishwa. Huingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo, mara nyingi upande wa kulia, na ncha yake hufika kwenye moyo. Ule wa muda mrefu hupitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua, na una pete ya kitambaa ambayo baada ya wiki kadhaa nyama huishika. Pete hiyo huzuia mpira usichomoke na huwazuia vidudu wa kwenye ngozi wasitambae kuufuata mshipa. Ndiyo maana wiki zile za mwanzo nilikuwa mkali kuliko baadaye: nyama ilikuwa bado haijashika.

Vumbi lilinihangaisha zaidi. Anayekaa Dodoma anaujua upepo wa kuanzia Juni, na kwetu Nkuhungu barabara ya mtaani ni ya udongo. Bodaboda tuliiacha kabisa. Tulipanda bajaji kwa dereva mmoja tuliyemzoea, ambaye alikubali kushusha turubai za pembeni hata jua likiwa kali. Mama alivaa blauzi za vifungo vya mbele, ili muuguzi aufikie mpira bila kumvua nguo kupitia kichwani, na juu akajitanda kanga safi, ya siku hiyo. Kufagia uani kulifanywa mapema, kwa kunyunyizia maji kwanza, yeye akiwa ndani. Wajukuu walifundishwa kukaa upande wake wa kushoto. Mdogo kabisa, mwenye mikono ya kuvuta kila kitu, hakupakatwa na bibi yake mpaka mpira ulipotoka. Hilo lilimuumiza mama moyo, nami pia, lakini sikulegeza.

Kuoga nako kulitaka utaratibu. Plasta ikilowa, vidudu wamepata njia. Mama aliketi kwenye kigoda, maji ya ndoo yakaishia kiunoni. Kifua na mgongo nilimfuta kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, nikikwepa eneo la plasta. Nywele nilimwosha siku nyingine, ameinamisha kichwa mbele ya beseni, taulo likiwa limezungushwa shingoni. Nyumbani sikuwahi kubandua plasta kuchungulia. Nilitazama kwa nje kama imeachia, kama kuna unyevu au damu, na nilimuuliza kama panauma. Ikiachia tunakwenda hospitali, hatungoji zamu yake.

Ratiba yake ilikuwa mara tatu kwa wiki, saa nne nne kitandani. Hatari kubwa iko dakika zile chache mirija inapofunguliwa na inapofungwa, na ndugu akijua cha kutazama anasaidia. Muuguzi anavaa barakoa, mgonjwa naye anavaa na kugeuzia uso upande wa pili. Mikono inaoshwa, glovu mpya zinavaliwa. Mdomo wa kila mrija unasuguliwa kwa dawa kisha unaachwa ukauke wenyewe, kwa sababu dawa inaua ikipewa muda wake. Penye tundu panasafishwa kwa dawa ya kuua vidudu, klorheksidini au iodini, plasta mpya inawekwa. Siku moja chumba kilikuwa na pilikapilika na barakoa ya mama ikasahaulika. Nikasema tu, "Sista, samahani, mama hajavaa barakoa." Akashukuru, akaileta. Heshima haizuii kusema.

Kuhusu kuziba: damu iliyotulia ndani ya mpira huganda. Kwa hiyo wakimaliza wanasukuma maji ya chumvi kwa nguvu kwenye kila mrija, kisha wanajaza heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kubana vibanio papo hapo. Kiasi cha kujaza kimeandikwa kwenye mpira wenyewe, na mirija miwili inaweza kutofautiana kidogo. Kikipungua, ncha inabaki na damu. Kikizidi, dawa inamwagika mwilini na mgonjwa anaweza kutokwa damu. Mara inayofuata, heparini ya zamani huvutwa na kutupwa kabla ya kuunganisha mashine.

Nilikuwa na daftari ambamo niliandika mwendo wa damu wa kila zamu. Wa mama ulikuwa mililita 300 kwa dakika. Kisha ukaanza kupungua zamu hadi zamu, mpaka siku moja mashine ikawa inalia kila mara na mwendo haufiki 200. Nikamwonyesha muuguzi daftari. Akaangalia kwanza kama mpira umejikunja, akamwambia mama akohoe, ageuze shingo, akakishusha kitanda upande wa kichwani. Haikusaidia. Akijaribu kwa bomba la sindano, maji yanaingia lakini damu haivutiki. Akanieleza kwamba hapo mara nyingi ni damu iliyoganda au utando uliojijenga kwenye ncha. Daktari akaagiza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikaachwa ndani ya mirija yote miwili kwa muda kisha ikavutwa. Mwendo ukarudi.

Kuna njia nyingine, ya kubadilisha mirija, mwekundu wa kutolea damu ukakaa pa ule wa bluu wa kuirudishia. Inasaidia kumaliza siku, lakini sehemu ya damu iliyokwisha kusafishwa huvutwa tena kwenye mashine, kwa hiyo usafishaji hupungua. Ukiona inafanyika kila zamu, uliza mpango ni upi.

Usiku mmoja mama alitetemeka kwa baridi. Jirani yetu, mtu mwema, akashauri tununue dawa ya malaria. Nilikataa. Mwenye mpira shingoni akipata homa, linaloangaliwa kwanza ni damu yake, na siku hiyo hiyo, kwa sababu vidudu wakishaingia wanaweza kushika hata vali za moyo. Hospitali walichukua damu ya kuotesha, kuona kama ina vidudu, kutoka kwenye mpira na kutoka nyuma ya kiganja, kabla ya antibayotiki. Kilichopatikana ni maambukizi ya kifua, damu ilikuwa safi. Ningerudia safari ile ile kesho.

Katika zahanati moja walitaka kumwekea dripu kupitia mpira kwa kuwa mishipa ilikuwa haionekani. Nikawaomba wasiuguse. Ule ni wa dialisisi peke yake, na kila anapoufungua mtu asiyeuzoea, vidudu wanapata nafasi na heparini iliyomo inaweza kusukumwa yote mwilini.

Na haya niliyaweka kichwani, ingawa hayakutokea. Kifuniko kikidondoka, hakikisha kibanio kimefungwa, kisha hospitali, maana hewa inaweza kuvutwa kwenye mshipa. Mpira ukichomoka, mlaze mgonjwa, gandamiza kwa nguvu pale tundu lilipo na juu yake kuelekea shingoni, usiachie mpaka mfike.

Mkono wa kushoto wa mama tuliulinda tangu siku ya kwanza: hakuna sindano, hakuna kipimo cha presha. Daktari wa upasuaji aliunganisha humo mshipa wa ateri na wa vena, na mama akawa anaminya kimpira kila siku kuukuza. Baada ya fistula kuchomwa sindano mbili kwa zamu kadhaa na kufanya kazi vizuri, mpira uliondolewa. Kama mgonjwa wako figo zinashuka lakini hajaanza dialisisi, muulizeni daktari kuhusu fistula sasa, maana hukomaa kwa wiki hadi miezi, na huenda mpira usihitajike kabisa.