Siku moja maishani mwangu: kati ya mgeni mwenye kripto na muuzaji

Saa 12 asubuhi. Nakagua salio, nasoma bei ya soko, kisha naandika kwenye daftari kiwango cha kubadilishia cha asubuhi hii. Mgeni ana kripto, yaani pesa za kidijitali: USDT, inayofuata thamani ya dola, au bitcoin. Muuzaji anataka fedha anayoijua, iingie kwenye simu yake. Mimi napokea ya mgeni, namlipa muuzaji.

Saa 3. Wageni wawili wamelipa kwa Lightning, njia ya haraka ya kutuma bitcoin. Wameskani QR, sekunde chache, kwisha.

Saa 5 ndipo kazi ilipoanza. Mgeni ana USDT kwenye mtandao wa Tron, lakini pochi, programu ya simu anayotumia kwa kripto yake, inagoma kutuma. Salio analo, ila ada ya Tron hulipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao huo, naye hana hata moja. Hili huwakwamisha wengi, na inaniuma kumwona mtu mwenye pesa zake akisimama pale kama ombaomba. Nikamrushia TRX kidogo. Kabla hajabonyeza, nikamwomba asome kwa sauti herufi nne za mwanzo za anwani yangu ya kupokelea na nne za mwisho, nami nafuata kwenye simu yangu. Kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili, na muamala ukishathibitishwa haurudi.

"Kaka, nimpe mzigo?" muuzaji akauliza.

"Bado, dada. Ngoja uione kwenye simu yako."

Simu yake ikalia. Akasoma ujumbe mara mbili, ndipo akaachia mfuko.

Saa 8. Mgeni mwingine ametuma bitcoin kwa njia ya kawaida, anatuonyesha picha ya skrini iliyoandikwa "imetumwa". Nikautafuta muamala: upo, haujathibitishwa. Aliweka ada ndogo mno. Bloku mpya, yaani fungu la miamala iliyothibitishwa, hutoka kwa wastani wa kila dakika 10, na wenye ada kubwa hutangulia. Tulikaa karibu saa nzima. Hakuwa tapeli, na nilimweleza hivyo mama mwenye duka ili asimkunjie uso. Lakini mzigo haukutoka mpaka muamala ulipothibitishwa.

Saa 12 jioni nafunga hesabu: kiasi, kiwango, namba ya kila muamala. Mgeni wa asubuhi akarudi, simu yake imezima kabisa. Akataka kuandika maneno yake 12 ya siri kwenye simu yangu ili afungue pochi. Nikaivuta simu. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa, nami sitaki kuyajua. Nikamsindikiza kwa fundi.