Mlio wa UPS

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa huko Majengo umeme ulipokatika, na UPS iliyokuwa chini ya kaunta (kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme unapokatika) ikaanza kulia: mlio mfupi, kimya, mlio mfupi. Muuzaji hakushtuka. Mimi nilisahau hata dawa niliyotumwa.

Mlio ule ulinirudisha mwaka nilipokuwa najifunza kazi ya kompyuta. Ilikuwa Agosti, majira ya upepo wa Dodoma unaopenyeza vumbi hata kwenye droo iliyofungwa. Tulikuwa na seva mbili, yaani kompyuta za kuhudumia ofisi, na hifadhi moja ya diski iliyounganishwa na zote mbili, na kazi yangu ilikuwa kuziwezesha kusoma na kuandika mafaili yale yale kwa wakati mmoja. Dada aliyekuwa akinifundisha kazi aliniagiza nitumie GFS2, mfumo wa mafaili unaoruhusu seva kadhaa kutumia diski moja. Niliyaona maelekezo yake ni marefu mno (klasta kwanza, yaani kuziunganisha seva ziwe kundi moja, kisha huduma ya kufuli ya kuzipangia zamu, kisha kifaa cha kuizima seva iliyopotea), kwa hiyo nikaiandaa diski kwa ext4 niliyoizoea, mfumo wa mafaili wa seva moja, nikaipachika kwenye seva zote mbili, nikaenda zangu kula ugali kwa mlenda.

Niliporudi, faili nililoliandika kwenye seva ya kwanza halikuonekana kwenye ya pili. Niliipachua diski na kuipachika upya, likaonekana. Nikaridhika, jambo linalonishangaza hadi leo.

Asubuhi nilifungua faili lenye jina la ripoti, nikakuta ndani yake jedwali la mahudhurio ya idara nyingine, limekatikia katikati ya jina la mtu. Nililitazama jina lile nusu kwa muda mrefu. Kila seva ilikuwa imetunza picha yake ya diski kwenye kumbukumbu, ikiamini kwamba diski ni yake peke yake, na usiku kucha zilikuwa zikigawa nafasi zile zile kwa mafaili tofauti. Dada alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

“Kumetokea nini, mdogo wangu?”

“Ni umeme, dada. Ulikatika jana jioni.”

“UPS ililia?”

“Ililia.”

Haikuwa imelia hata mara moja.

Tulirudisha data kutoka kwenye nakala rudufu, tukaanza upya kwa GFS2, kila seva na jonali yake, yaani daftari lake la mabadiliko. Siku ya majaribio aliniambia nichomoe waya wa mtandao wa seva ya kwanza. Ya pili nayo ikaganda, haiandiki wala haisomi, mpaka ilipohakikisha kwamba mwenzake amezimwa. Nilimuuliza kwa nini iliyo nzima nayo isimame.

“Mwenzako akinyamaza,” alisema huku akitazama skrini, “huwezi kujua kama amekufa au bado anaandika. Mzime kwanza.”

UPS yetu ilikuwa ikiandika kila umeme ulipokatika, kwa saa na dakika, na nywila ya kuisoma orodha hiyo alikuwa nayo yeye peke yake. Hakuwahi kunitajia tena habari za umeme, wala mimi sijawahi kumuuliza.