Safu ya Kwanza ya Waya

Jumanne, kule bondeni nje ya Mafinga, winchi niliyoiunda kwa mikono yangu, mashine ya kuvuta magogo kwa waya, ilinitia hofu ambayo haijanitoka hadi leo Jumamosi. Tulikuwa tunavuta gogo la paina, ukungu bado haujainuka. Ghafla dramu, ile ngoma ya chuma inayozungushiwa waya, ikapiga mlio mkavu, gogo likarudi nyuma hatua nzima, waya ukatetemeka kama uzi wa zeze. Vijana walikuwa wamekaa mbali na mstari wa waya kama nilivyowasihi. Namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Nikachungulia. Breki nzima, gia nzima. Waya wa safu ya juu ndio uliokuwa umezama katikati ya mizunguko ya chini na kubanwa humo. Nilipouchomoa kwa mtaimbo, nyuzi zake tatu zilikuwa zimekatika.

Kosa ni langu. Siku ya kuufunga nilikuwa na haraka, nikauzungusha bila mzigo wowote upande wa pili. Ukalala umelegea, halafu safu hizo legevu ndizo nilizozitegemea zikanyagwe na waya unaovuta kwa tani.

Usiku ule nikakaa na daftari. Dramu yangu ina kipenyo cha sentimita 20 na upana wa 40. Waya ni wa milimita 10, mita 150, kwa hiyo unakaa safu 5. Kama safu ya kwanza inavuta tani 2, ya tano haifiki hata tani 1.5, kwa sababu waya umeshakuwa mbali na katikati ya shafti. Unakimbia zaidi, ila nguvu imepungua. Wateja huuliza winchi ina tani ngapi. Nami nitakuwa nawauliza, waya umebaki safu ngapi kwenye dramu? Na usiumalize wote: lazima mizunguko kadhaa ibaki, maana msuguano wake ndio unaoshika mzigo, bolti ya kubana ncha haiwezi peke yake.

Kosa la pili lilikuwa roda, gurudumu linaloelekeza waya kwenye dramu. Niliiweka mita 3 mbele ya dramu, waya ukifika pembeni unaingia kwa mshazari wa karibu digrii 4. Dramu isiyo na mifereji haitaki kuzidi digrii 1.5. Kwa upana wangu, roda ingepaswa kuwa karibu mita 8 mbele, na pale penye visiki na mteremko mita 8 sina.

Jana nikapita kwa mama, Kinyanambo. “Kamwene, mama.” Alikuwa anajaza bobini kwenye cherehani yake ya zamani, ile yenye shutuli kama kamtumbwi. Kuna kipande cha chuma chenye umbo la moyo, kinazunguka polepole na kusukuma mkono mwembamba ulioshika uzi: kushoto, kulia, kushoto. Uzi unajilaza mmoja kando ya mwingine. Nimekiona tangu utotoni, jana ndiyo mara ya kwanza nakiangalia.

“Chai inapoa, mwanangu.”

“Mama, naomba ujaze nyingine. Polepole.”

Winchi kubwa hufanya kazi hiyo kwa skrubu yenye njia mbili zinazopishana, moja ya kwenda, moja ya kurudi. Ulimi unaopita ndani ya njia hizo na kusogeza waya ukifika mwisho wa njia hii unaingia ile nyingine, na skrubu inaendelea kuzunguka upande uleule. Sharti ni moja: dramu ikizunguka mara 1, waya usogee unene wake, milimita 10. Skrubu ya hatua ya milimita 30 basi izunguke mara 1 kwa mizunguko 3 ya dramu. Jumatatu naenda kuichonga kwa fundi mwenye leti, mashine ya kuchongea vyuma.

Leo tumeufungua waya wote, tukakata kipande kilichoumia, tukafunga gogo kwenye ncha na kuanza kuuzungusha upya gogo likiburuzika, mimi nikiuelekeza kwa gongo la mti. Kazi ya kuchosha. Saa kumi na moja safu ya kwanza ikafika ukingoni. Nikaimulika kwa tochi kutoka ukingo hadi ukingo nikitafuta pengo, sikuliona, nikawaambia vijana waendelee.